Uliza Fundi wa Treni Ndogo: Magurudumu yanazunguka, treni haipandi

Mwezi huu nimepokea barua nne, na zote zinalia mlima. Hata mama mmoja wa Mbale aliyeuliza habari za mpira, shida yake ni mlima. Nitaanza na ya Jinja kwa sababu mwandishi wake amefanya jambo ambalo wengi wenu hamfanyi: amepima kabla ya kulalamika.

SWALI: Mzee Fundi, salamu kutoka Walukuba, Jinja. Nimejenga reli yangu ya kipimo cha HO (1 kwa 87 ya treni halisi, reli zimeachana milimita 16.5) juu ya plaiwudi moja nzima, futi nane kwa nne. Njia ya juu inavuka ya chini kwa daraja, maana nilitaka kitu kinachofanana na daraja letu la Nile. Treni inapanda sentimita 8 katika urefu wa sentimita 190, na katikati ya mlima kuna kona ya nusu kipenyo cha sentimita 45. Kichwa cha treni yangu ni mfano wa dizeli, uzito gramu 280, na magurudumu yote yanaendeshwa. Nina mabehewa tisa, kila moja gramu 110. Kwenye tambarare kinayavuta yote tisa. Mlimani kinapita kona na matano tu. Nikifunga la sita, magurudumu yanazunguka bure na treni imesimama palepale. Kaka yangu wa Kampala anasema kichwa ni dhaifu, ninunue kingine. Ni kweli?

JIBU: Usinunue, na kaka yako mwambie namsalimu.

Umeandika kwamba magurudumu yanazunguka na treni imesimama. Basi mota yako ni nzima na ina nguvu ya kubaki. Ingekuwa mota ndiyo iliyoshindwa, magurudumu yangekaa kimya na ungesikia mlio wa nyuki ndani ya bodi. Kilichokosekana ni mshiko wa gurudumu juu ya reli, na mshiko haununuliwi kwa volti.

Nilizaliwa kwenye nyumba za reli Tororo, baba yangu akiwa mtu wa karakana. Kazi yake ya kwanza, kabla hawajamruhusu kushika spana, ilikuwa kukausha mchanga. Mchanga mkavu ulijazwa kwenye kisanduku cha garimoshi, dereva akaumwaga mbele ya magurudumu reli ilipolowa. Ulio mbichi ulikuwa unaganda bombani. Usiku wa mvua sisi watoto tulilala tukisikiliza: pumzi nzito tatu, nne, halafu ghafla pumzi zinakimbizana kama mbwa anayehema. Magurudumu yameteleza. Mama anasema gizani, "Mchanga wa baba yenu huo umekwisha." Kwa hiyo kichwa chako kimeingia kwenye ukoo wa heshima. (Lakini mchanga usijaribu kwenye modeli! Utaingia kwenye gia na huko utasaga kila kitu.)

Sasa hesabu, na ni hesabu ya darasa la saba. Gurudumu la chuma kwenye reli ya modeli hushika kwa takriban robo ya uzito unaolikalia, mara nyingi chini kidogo. Mimi hutumia asilimia 22. Kichwa cha gramu 280 kinachoendeshwa na magurudumu yote kinaweza kuvuta kama gramu 62 kabla ya kuteleza. Hizo ndizo pesa ulizo nazo mfukoni.

Tuone matumizi. Behewa la modeli lenye ekseli za kawaida linadai kama asilimia 3 ya uzito wake ili litembee tu kwenye tambarare. Kwa gramu 110 ni gramu 3.3. Gawanya 62 kwa 3.3 upate mabehewa 18, na ndiyo maana tisa yako kwenye tambarare hayakisumbui.

Mlima wako ni sentimita 8 kwa 190, yaani asilimia 4.2. Hapo kila kitu kinadai asilimia 4.2 zaidi ya uzito wake, na kichwa chenyewe kimo. Wengi husahau kwamba kichwa nacho kinajibeba. Gramu 280 zinakula karibu 12, zinabaki 50. Behewa sasa linadai asilimia 7.2, karibu gramu 8. Kwenye mlima ulionyooka ungepata sita.

Lakini umeweka kona mlimani. Kwenye kona magurudumu yanasugua ubavu wa reli, na huo ni mlima mwingine usioonekana. Waunda modeli wa HO wana kadirio lao: chukua 80, gawanya kwa nusu kipenyo cha kona kwa sentimita, na jibu ni asilimia za kuongeza. Kwako, 80 kwa 45 ni karibu 1.8. Behewa sasa linadai asilimia 9, gramu 9.9. Hamsini kwa 9.9 ni tano. Matano, kama ulivyoandika. Kichwa chako hakijakudanganya hata gramu moja.



Kabla hujagusa chochote, hakikisha tarakimu zangu kwa vitu vya nyumbani, maana mimi nimekadiria na wewe unacho kichwa chenyewe mezani. Funga uzi kwenye ndoano ya kichwa, upitishe ukingoni mwa meza juu ya kibobini cha cherehani kinachozunguka vizuri kwenye msumari, kisha ning'iniza kikombe cha plastiki. Nunua bomba la sindano duka la dawa. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Kichwa kikiwa kinavuta uzi na kupandisha kikombe, ongeza maji mililita tano tano mpaka magurudumu yateleze. Jumlisha maji na uzito wa kikombe. Ukipata karibu 62, tunaelewana. Ukipata 45, reli zako zina mafuta.

Mabehewa nayo yana mtihani wao. Laza reli juu ya ubao wenye urefu wa mita moja, weka behewa, lisukume kidogo kwa kidole huku unainua upande mmoja wa ubao. Behewa likiendelea kwa mwendo uleule, halikimbii wala halisimami, pima ubao umeinuka sentimita ngapi. Sentimita 3 ni asilimia 3. Nimewahi kupata behewa moja linalodai 6! Nilipolifungua nikakuta unywele umejizungusha kwenye ekseli. Behewa hilo moja lilikuwa linakula mgao wa mawili, na mimi mwezi mzima nalaumu mota.

Tiba. Najua unachofikiria: nijaze vipande vya risasi, yale madini mazito, ndani ya kichwa kiwe kizito. Kila mtu huanzia hapo, nami nilianzia hapo. Tupige hesabu tena. Ongeza gramu 60 za risasi, kichwa kiwe gramu 340. Mvuto unakuwa kama 75, lakini kujibeba mlimani sasa kunakula 14, zinabaki kama 60. Gawanya kwa 9.9: sita. Kwa risasi yote hiyo umepata behewa moja.

Sasa acha risasi, shika mlima. Njia yako ya chini imelala tambarare na ya juu inapanda sentimita zote 8 peke yake. Kwa nini? Kata plaiwudi kwa msumeno mdogo kando ya njia zote mbili, ukiacha miisho imeshikana na ubao. Ya juu ipandishe sentimita 4 kwa vigingi vya mbao, ya chini ishushe sentimita 4. Daraja linabaki palepale na kimo chake kilekile, ila mlima umegawanywa: sentimita 4 kwa 190, asilimia 2.1. Itabidi meza yako iwe na miguu na fremu, plaiwudi isilale sakafuni. Usipindishe ghafla chini wala juu ya mlima. Pale njia inapoanza kuinuka, iache ibadilike taratibu kwa urefu usiopungua gari lako refu kuliko yote. Ukiikunja kama kiwiko, kichwa kirefu kitaning'iniza magurudumu ya katikati hewani, na gurudumu lililo hewani halivuti, na ndoano za mabehewa zitaachana.

Rudia hesabu. Kichwa kinajibeba kwa gramu 6, zinabaki 56. Behewa kwenye kona linadai 3 na 2.1 na 1.8, jumla asilimia 6.9, gramu 7.6. Unapanda na saba. Safisha ekseli za mabehewa mpaka mtihani wa ubao usome 2 badala ya 3: gramu 6.5 kila moja, unapanda na manane. Sasa, mwisho kabisa, ongeza zile gramu 60 za risasi. Zinabaki karibu 68 za kuvuta, gawanya kwa 6.5: kumi. Mabehewa yako tisa yatapita kona na akiba ya moja.

Risasi iliyoleta behewa moja kwenye mlima mbaya imeleta mawili kwenye mlima mzuri.

Risasi usiitafute mbali. Mafundi wa matairi wana zile za kubalansi magurudumu, zilizotolewa ni takataka kwao. Wewe uko Jinja, wauza nyavu wa Masese wana vipande vya kuzamishia. Weka uzito katikati ya magurudumu yanayoendeshwa, usiurundike puani, na kipande kisiguse mota wala waya. Nawa mikono ukimaliza, na watoto wasivichezee, kwa kuwa risasi ni sumu. Halafu fanya mtihani huu: shika kichwa kisitembee, fungua umeme wote, sekunde mbili tu. Magurudumu yanapaswa kuzunguka. Yakigoma, umezidisha uzito, toa. Mimi nilipuuza. Nilijaza kichwa changu cha kwanza mpaka kikawa kama tofali, kikashika reli kama kupe, na siku treni iliponasa ndoano kwenye daraja magurudumu hayakuweza kuteleza. Mota ndiyo iliyosimama. Moshi wake ulinukia sebuleni siku mbili, na mke wangu bado ananikumbusha nikitaja neno "risasi".

SWALI: Fundi, mwanangu ana treni aliyoletewa na mjomba wake. Magurudumu mawili yalikuwa na pete za mpira, sasa zimelegea na moja imepotea, na treni haipandi tena. Naweza kukata mpira wa ndani wa baiskeli? — Mama wa watatu, Mbale.

JIBU: Dada yangu, mpira wa baiskeli ni mnene mno. Gurudumu lenye pete limechimbwa mfereji ili mpira ukae usawa na chuma. Ukiweka mnene, gurudumu hilo linakuwa kubwa kuliko wenzake, kichwa kinachechemea na magurudumu ya jirani yananyanyuka. Tafuta pete za kiwandani za kipenyo hichohicho. Ukisubiri, toa na ile iliyobaki ili pande zote ziwe sawa.

Pete za mpira zinaongeza mshiko sana, sikatai. Ila kichwa hula umeme wa reli kupitia magurudumu, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kila gurudumu lenye pete ni mdomo mmoja umefungwa, na kichwa chenye midomo michache kinazimika zimika kwenye maungio. Mpira pia unaokota uchafu na kuupaka reli nzima. Kwa vumbi letu jekundu la marram, futa reli kila wiki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti safi kidogo. Mafuta ya kula hapana, ya cherehani hapana! Kijana mmoja alinijia hapa na reli zinang'aa kama samaki wa kukaanga, akaniuliza mbona treni haipandi.

SWALI: Mzee, mimi niko Kasese, nina vichwa viwili vya aina tofauti. Naweza kuvifunga pamoja kwenye mlima?

JIBU: Unaweza, kama vinatembea mwendo mmoja. Viache vifuatane kwenye duara bila kufungwa, vikiwa vimeachana sentimita 30, kwa volti ile utakayotumia mlimani. Ikiwa baada ya mizunguko mitatu wa nyuma hajamgonga wa mbele wala hajaachwa, vifunge. Ikiwa mmoja anamkimbia mwenzake, vitavutana siku nzima na mabehewa yatakuwa watazamaji. Hapo tumia kimoja.

Ukiwa na vichwa viwili utajaribiwa kufunga treni ndefu. Mabehewa mazito yakae mbele, mepesi nyuma. Behewa jepesi likikaa mbele ya msururu mrefu kwenye kona, linavutwa kutoka mbele na kutoka nyuma kama uzi wa upinde, nalo linaanguka upande wa ndani. Kichwa cha kusukuma nyuma sikushauri mpaka uwe na mkono mwepesi kwenye kidhibiti. Ninyi wa Kasese mnajua wenyewe reli yenu ya mwaka 1956 ilikuja kufuata shaba ya Kilembe, na treni ya mzigo wa madini haikupangwa kiholela.

SWALI: Babu Fundi, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Malaba. Mwalimu alitusomea kwamba magarimoshi makubwa ya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, yalivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwenye mlima wa asilimia 1.5. Modeli yangu ina gramu 250 na inashindwa na mabehewa manne ya gramu 100 kwenye mlima wa asilimia 3. Kwa nini kubwa liliweza na dogo haliwezi?

JIBU: Mjukuu wangu, mwalimu wako yuko sahihi. Yalikuwa 34, yalijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani kama 252 na nguvu ya kuvuta ya tani zipatazo 37, juu ya reli ya upana wa mita moja tu.

Jibu la kwanza unaliona: mlima wako ni mkali mara mbili ya ule wao.

La pili limefichika, na ndilo ninalolipenda. Behewa halisi, gurudumu la chuma gumu na beringi zilizotiwa mafuta, linadai kilo chache tu kwa kila tani ili litembee tambarare, tuseme tatu. Modeli inadai asilimia 3, yaani kilo 30 kwa tani. Mara kumi! Ekseli yako ni ncha inayosugua plastiki. Sasa mpe yule Garratt mabehewa yanayosugua kama ya kwako. Tani 1,200 zingedai tani 36 kwenye tambarare, kabla hajauona mlima. Angetoka stesheni ya Mombasa ametumia karibu nguvu zake zote. Kwa mabehewa yake halisi, mlima wa asilimia 1.5 ulidai tani 22 hivi, mabehewa na garimoshi pamoja, na kutembea kukadai nne au tano, akabaki na nguvu mkononi. Kwa hiyo fanya ule mtihani wa ubao niliomwandikia wa Jinja. Kila sentimita unayopunguza kwenye ubao ni sawa na kuupunguza mlima wako kwa asilimia moja kwa mabehewa yote.

La tatu nalikisia kutokana na tarakimu zako. Kichwa cha gramu 250 kikiendeshwa na magurudumu yote kingevuta gramu 55, na kwenye asilimia 3 kingepanda na mabehewa saba. Chako kinashindwa na manne. Nadhani mota yako inaendesha magurudumu ya upande mmoja tu, mbele au nyuma, na mengine yanafuata kama abiria. Basi nusu tu ya uzito ndiyo inayoshika reli: gramu 27 au 28. Toa saba na nusu za kujibeba, zinabaki 20, na kila behewa linadai sita. Matatu, la nne linakataa. Kwa kichwa cha namna hiyo, risasi iende juu ya magurudumu yanayoendeshwa, si katikati ya bodi.

Siku ukifika Nairobi, nenda makumbusho ya reli, ulizia namba 5918, Mount Gelai. Simama ubavuni mwake uhesabu magurudumu makubwa yaliyounganishwa kwa vyuma: manne mbele, manne nyuma, na upande wa pili vilevile. Sasa hivi kabla ya safari hiyo pindua modeli yako juu ya taulo, igusishe umeme kidogo, uhesabu yako. Niandikie ni mangapi yanazunguka.